Kabla mizani haijagoma

Kama umeshafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani kukatwa mfuko wa chakula ili upungue uzito, au umelipia na unasubiri tarehe, soma hii mapema. Mizani ikishagoma, yaani kilo zikiacha kushuka, hutasoma kitu. Utakuwa bafuni saa kumi na mbili asubuhi unalia, au dukani unanunua majani ya chai yenye picha ya kiuno chembamba. Mimi nilifanya yote mawili.

Nilifanyiwa Dar, nikarudi Dodoma na tumbo lililobaki kama robo ya lile la zamani. Niliingia na kilo 128. Miezi sita baadaye nilikuwa 97, na shoga zangu wa ofisini kule Mtumba walikuwa wanaomba namba ya daktari. Nikafika 94, nikakaa hapo wiki kumi na moja.

Cha kwanza, jua kwamba kugoma kutakuja, na zaidi ya mara moja. Kule kwa mwanzo huja karibu wiki ya tatu, na wengi huchanganyikiwa hapo hapo kwa sababu ndiyo kwanza wametoka kushonwa. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake imehifadhiwa na maji kama gramu tatu. Ukianza kula vijiko viwili vya supu kwa siku, akiba ile inatumika, maji yanatoka, kilo zinaporomoka. Halafu mwili unajirekebisha, unashika maji tena, na mizani inaganda ingawa mafuta bado yanapungua. Huko kunaisha kwenyewe. Usifanye kitu.

Kugoma kwa pili huja baada ya miezi, na huko kuna sababu nyingine: mwili mdogo unatumia kidogo. Mtu wa kilo 95 akipanda ngazi habebi mzigo aliokuwa anabeba akiwa na 128, na juu ya hapo mwili wenyewe unaanza kubana matumizi kama mtu ambaye mshahara wake umechelewa. Wengi hufika uzito wao wa chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Kwa hiyo muulize daktari wako mapema, kwa mwili wako, anategemea ufike wapi. Kuna kugoma na kuna kufika, na bila jibu lake utapigana na mwili uliokwisha kumaliza safari.

Mizani iwe moja. Siku moja kwa wiki, asubuhi, umetoka chooni, hujala. Siyo leo kwa kijana wa mizani pale stendi na kesho zahanati ukiwa na viatu na simu mbili mfukoni. Wanawake, siku za kukaribia hedhi msihesabu. Na nunua utepe wa fundi cherehani, upime kiuno, nyonga na mkono. Ile wiki ya tatu mizani yangu ilikuwa imelala fofofo huku kiuno kimeshuka sentimita nne.

Protini ianze, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, sasa piga hesabu mwenyewe uone kwa nini dagaa, kuku, samaki na maharage lazima viingie mdomoni kabla ya ugali. Mlenda hauna ubaya, sisi wa huku tumekulia humo, lakini mlenda kazi yake ni kuteremsha tonge. Ugali unaotakiwa kukushibisha unapita bila kutafunwa, na unashtuka umemaliza nusu sahani. Tafuna.

Maji usinywe na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, siyo vya miezi mitatu. Tembea, na ubebe kitu kizito mara kwa mara, hata ndoo, maana misuli ikiondoka pamoja na mafuta utagoma mapema zaidi.

Sasa ile iliyonikuta mimi.

Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa kuniangalia. Aliponiona mlangoni alishika kidevu. Jioni akaniita pembeni: "Mwanangu, watu wananiuliza kama unaumwa. Niwajibu nini?" Mnajua wenyewe huku kwetu mtu akikonda haraka anazikwa kwa maneno kabla hajafa. Asubuhi akaenda mashineni, akarudi na kilo tano za unga wa lishe: mahindi, uwele, soya, karanga, wa kusagiwa mbele ya macho yake. Akapika uji, akaweka maziwa, sukari na kijiko cha siagi ya karanga, akajaza chupa ya chai ya lita moja. "Uwe unakunywa kidogo kidogo."

Nikanywa kidogo kidogo. Nilikwenda nao kazini, nikawa napiga funda moja kabla ya kikao, funda jingine baada ya kikao. Haukunibana kifuani kama nyama, haukunitapisha, ulishuka kama baraka. Na ni uji wa lishe jamani, ule ule tunaowapa watoto na wagonjwa, nani angeushuku? Mama aliporudi kwake nikawa naupika mwenyewe.

Kilo 94. Wiki ijayo 94. Nikapunguza ugali. 94. Nikaacha maharage, nikidhani yananijaza gesi. Nikaacha yai la asubuhi. Nywele, ambazo zilikuwa zimeanza kutulia, zikarudi kung'oka kwenye chanuo. Kila kilichokuwa kinanisaidia nilikikata, uji nikaubakiza kwa sababu ndio "uliokuwa unanipa nguvu".

Hapo ndipo nikanunua chai ya kupunguza tumbo, ya mtu aliyeniapia kwamba inatoa uchafu. Ilitoa maji tu. Siku mbili nilishuka kilo moja na nusu na nikaishangilia, siku ya tatu nilisimama kwenye foleni ya daladala nikaona jua limezimika. Nilizinduka nimepepewa na kanga ya mama muuza karanga. Chai hizo nyingi zina dawa ya kuharisha. Mafuta hayaguswi, unachopoteza ni maji na chumvi, na mwenye tumbo dogo hana uwezo wa kuvirudisha haraka. Kilo zile zilirudi baada ya siku nne.

Nilikwenda kwa afisa lishe nikiwa na hukumu tayari: tumbo limetanuka, nataka likatwe tena. Hakubishana. Akanipa daftari: siku tatu, andika kila kinachopita mdomoni. Nikaandika kwa uaminifu kabisa, na nilipomrudishia akaanza kuzungushia neno moja kwa kalamu nyekundu. Uji kidogo. Uji kidogo. Uji kidogo. "Kidogo ni kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. "Hapana, kesho niletee hiyo chupa."

Tulipiga hesabu mezani kwake, unga, maziwa, sukari, karanga. Chupa moja ilizidi kalori 1,000. Chakula changu kingine chote cha siku hakikufika hapo. Akanieleza kile ambacho pengine niliambiwa Dar nikiwa sijazinduka vizuri: tumbo lililokatwa linazuia kitu kigumu. Kitu cha kunywa hakikai, kinapita, na nusu saa baadaye kuna nafasi tena. Ndivyo ilivyo kwa uji, juisi, soda, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, na msimu wetu ukifika, juisi ya zabibu, ambayo glasi moja ina sukari sawa na soda. Aiskrimu na biskuti laini ziko kundi hilo hilo.

Kwa hiyo kabla hujalaumu tumbo, daftari. Siku tatu, na neno "kidogo" ni marufuku. Andika kikombe, kijiko, nusu chupa. Na kabla hata ya upasuaji, kaa na yule anayepika nyumbani kwako, awe mama, mkwe au dada wa kazi, umweleze. Mimi nilichelewa. Nilimpigia mama simu akanuna wiki nzima, akaona nimeukataa mkono wake. Siku hizi anatuma mayai ya kienyeji kwa basi, yamefungwa kwenye pumba, na hakuna anayeutaja uji.

Mengine ni ya haraka. Baada ya kuacha uji na kurudisha protini nilianza kushuka tena wiki ya tatu, taratibu, nusu kilo, robo kilo. Usitegemee kasi ya mwanzo. Kama daftari liko safi na bado umegoma, mwambie daktari dawa zote unazotumia, kwa sababu sindano ya uzazi wa mpango, insulini na baadhi ya dawa nyingine zinaweza kuongeza uzito. Usiziache kwa uamuzi wako. Usikwepe kliniki kwa aibu ya kilo, maana huko ndiko wanapima damu na vitamini B12. Mvinyo wetu wa Dodoma uuogope: unapanda kichwani upesi kuliko zamani, na nao unahesabiwa kama kinywaji chenye kalori. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na uongee na daktari kuhusu njia ya uzazi wa mpango kwa sababu vidonge huenda visifanye kazi vizuri kwa aliyeunganishiwa utumbo, aina nyingine ya upasuaji huu ambapo chakula kinaruka sehemu ya utumbo. Diklofenaki, zile za maumivu za duka la dawa, usimeze bila kuuliza, zinaweza kukupa vidonda vya tumbo. Na ukitapika kila kitu kwa siku mbili, hata kama mizani inafurahisha, usingoje Jumatatu.