Jinsi ya kumfundisha njiwa akumbuke rangi

Wafugaji wa njiwa Moshi na Arusha, anayesema njiwa hana akili mi namkatalia kabisa. Ila kumbukumbu yake ya papo kwa papo ni ya sekunde chache tu, ukishalijua hilo kumfundisha kunakuwa rahisi.

Asubuhi usimmwagie chakula, mpe maji tu, ale akimaliza mazoezi, maana akishashiba anakaa zake anajisafisha manyoya. Chukua mtama kwa mangi, na vizibo vinne vya soda, viwili paka rangi ya kucha nyekundu, viwili bluu, rangi anaziona vizuri sana.

Anza kumzoesha kudonoa kizibo chochote, akidonoa tu punje moja HAPOHAPO. Wengi wanaharibu hapa, ndege kadonoa we bado unahangaika na mfuko, yeye kashageukia mlango ndo punje inafika, basi kajifunza kugeuka! Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner aliwapa njiwa chakula kila baada ya muda fulani bila kujali wanafanya nini, sita kati ya nane wakazuka na vituko, mmoja anazunguka, mwingine anasukumia kichwa konani. Wangu hapa Pasua alikuwa anapinda shingo kushoto kabla ya kudonoa, wiki nzima nadhani anaumwa, kumbe punje zangu zinachelewa.

Akishazoea, mwonyeshe kizibo kimoja, tuseme chekundu, adonoe, kisha weka chekundu na cha bluu pamoja. Akidonoa rangi aliyoiona mpe, akikosea usimfokee, toa vyote, subiri kidogo, anza tena. Badilisha pande kila mara, la sivyo atashika kulia na kushoto badala ya rangi.

Akipata nane au tisa kati ya kumi, ficha kizibo sekunde moja kabla ya kumletea viwili, akiweza mbili, halafu nne, usiruke jamani. Akianza kubahatisha rudi nyuma. Mwache pia akidonoe kile cha kwanza mara kadhaa, anakishika zaidi, na wakati anasubiri pawe kimya, usiwashe taa.

Na ukiona anaposubiri ana kamchezo kake usimkatize, mtafiti Donald Blough aliwapima hivi mwaka 1959, ila yeye kwa taa inayotulia na inayopepesa, na waliokuwa na kamchezo tofauti kwa kila taa ndo walikumbuka vizuri. Wangu akiona nyekundu anatembea mbele na nyuma, akiona bluu anaganda kama mti, sasa hivi tuko sekunde tano.