Jiko jipya lipimwe nyumbani kwa wenyewe

Kiwandani, jiko la mkaa hupimwa kwa kuchemsha maji. Sina ugomvi na kipimo hicho, ila maji hayasongwi. Hapa Arua, Uganda, watu wanasonga posho (ugali wa mahindi), wanasonga enyasa ya muhogo na mtama, wanatokosa maharage nusu siku, na jioni jiko lilelile linachoma mahindi. Kazi yangu ni kulipeleka jiko nyumbani kwa watu kabla halijaingia sokoni na kuangalia linavyotumika. Vijana wanaoingia kazi hii nawaeleza hivi.

Kwanza nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ukionekana unazunguka nyuani kwa watu na mizani na daftari bila yeye kujua, kabla ya jua kuzama utakuwa umeshaitwa mtu wa kodi. Halafu omba ridhaa nyumba kwa nyumba, ya mwenye nyumba na ya mpishi, maana mara nyingi ni watu wawili. Baba atakukaribisha, atakuletea kiti, atakujibu kila swali kuhusu mkaa ambao hajawahi kuuwasha. Kunywa chai yake, mshukuru, kisha omba kuzungumza na mama au msichana wa kazi kule jikoni. Picha iombewe ruhusa yake peke yake. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na hata isingekuwepo, jiko la mtu ni faragha yake.

Changanya nyumba: familia kubwa, wajane, wapangaji wa chumba kimoja wanaopikia barazani. Hao wa chumba kimoja waambie siku ya kwanza kabisa kwamba jiko halilali ndani na makaa ya moto, hata kama limesifiwa halitoi moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Sasa mizani. Usigawe jiko jipya siku unayofika. Pima kwanza kwenye sigiri yao, lile jiko la mkaa la zamani, angalau siku tatu mfululizo, ndipo uwe na cha kulinganisha. Kila asubuhi, saa ileile, ning'iniza gunia la mkaa wao, andika kilo. Kesho yake pima uliobaki. Yale makaa waliyozima kwa mchanga jana usiku ili wayatumie tena nayo yapimwe, usiyahesabu kama yameungua. Mvua ikinyesha, hakikisha gunia liko pakavu, vinginevyo unapima maji. Siku ya Idi, msiba au harusi iruke. Mwezi wa Ramadhani una mapishi yake, uupime kivyake au uuache.

Na tafadhali, usiwape mkaa. Mashirika hupenda kufanya ukarimu huo na huharibu kila kitu. Anayenunua mkaa kwa kopo anaubana, anafunika majivu juu, anaunganisha chai na mboga kwenye moto mmoja. Ukimpa gunia la bure atapika kama mwenye gunia la bure.

Uliza pia kila siku ni nani walikula. Kuna hesabu inayotumika kimataifa ya kulinganisha walaji, ili nyumba kubwa na ndogo zipimike pamoja: mtoto wa chini ya miaka 15 ni nusu mtu, mwanamume wa miaka 15 hadi 59 ni 1, mwanamke mtu mzima ni 0.8, mzee wa kiume naye 0.8. Hiyo 0.8 ya mwanamke siipendi, hasa nikiwa nimesimama mbele ya mama aliyetoka kulima tangu alfajiri, lakini iandike vilevile ili namba zako zilingane na za wengine.

Ukishagawa jiko jipya, subiri wiki kadhaa walizoee, kisha rudia kipimo chote. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu utaambiwa ni zuri. Huku mgeni hasemewi vibaya zawadi aliyoleta. Mama mmoja alinisifia jiko mpaka nikaona haya: halili mkaa, linapendeza, Mungu awabariki waliolitengeneza. Nikainama kuangalia. Ukingo wake ulikuwa bado una rangi ya kiwandani, na kwenye tundu la majivu kuku alikuwa amekwangua vumbi. Pembeni, sigiri ya bati ilikuwa bado vuguvugu. Sikumuuliza kwa nini halitumii. Nilimwomba tu anisongee posho kwenye lile jipya, nami nikashika daftari. Unga ulipoanza kukaza, sufuria ikaanza kuzunguka na mwiko, miguu ya jiko ikateleza kwenye sakafu, akalibana kwa wayo wake na kitambaa, akaendelea kusonga huku akicheka. "Kwa chai ni zuri," akasema. Mtengenezaji alihitaji kujua hilo kuliko kilo zote nilizoandika.

Kwa hiyo usiulize "unalionaje?" Uliza jana usiku walipika nini, juu ya jiko lipi, na kwa nini lile. Omba kuona majivu. Vaa nguo zako za kawaida, fulana ya kampuni iache nyumbani. Maneno ya mpishi yaandike alivyoyatamka, kwa Kiswahili, Kilugbara au Kinubi, tafsiri iwe chini yake.

Zawadi ya shukrani, sukari na sabuni, itolewe mwisho na iwe sawa kwa wote, waliolipenda jiko na waliolikataa. Jiko waachie liwe lao kabisa. Baada ya miezi miwili pita tena. Ukikuta limeuzwa, usinune. Uliza limeuzwa kwa bei gani na kwa nani, halafu mtafute huyo mnunuzi ukaone yeye analipikia nini.