Tumbo la hedhi kwa binti: lini ni la kawaida, lini ushuku endometriosisi

Tumbo la hedhi la kawaida lina saa zake. Huanza damu inapotoka au saa chache kabla, hubana chini ya kitovu, huteremkia kiunoni na mapajani, na kufika siku ya tatu huwa limeachia. Chanzo ni prostaglandini, kemikali inayoukaza mfuko wa uzazi ili usukume damu nje. Ikizidi, binti hutapika au huharisha.

Ibuprofeni huzuia kemikali hiyo isitengenezwe. Iliyokwisha kutengenezwa haiigusi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: binti anavumilia mpaka amejikunja kitandani, ndipo anapewa kidonge, kisha inasemwa dawa haimsaidii. Ameze mara tu tumbo linapoanza kunong'ona. Wa miaka 12 na kuendelea hutumia miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, isizidi 1,200 kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayoamshwa na dawa za aina hii asiiguse, ampate daktari. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa khanga nayo husaidia kweli.

Wakati huohuo fungueni daftari. Mstari mmoja kwa siku unatosha: "Tarehe 14. Maumivu 8 kati ya 10. Dawa saa 1 asubuhi. Saa 4 bado 8. Pedi 5. Hakwenda shule."

Miezi mitatu ya mistari kama huo, dawa ikimezwa kwa wakati, ni sababu tosha ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake. Huenda ni endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi imeota nje yake. Shuku zaidi kama anaumia hata siku zisizo za hedhi, kama choo au mkojo humuuma akiwa mwezini, au kama mama au dada yake anao ugonjwa huu. Ultrasaundi ikitoka safi isiwafunge mdomo, maana kwa mabinti madoa yake mara nyingi ni madogo mno kuonekana.

Daktari anaweza kuanza na vidonge vya homoni kabla ya kufikiria upasuaji. Wazazi hushtuka wakisikia ni vilevile vya uzazi wa mpango, ila hapa kazi yake ni kutuliza maumivu. Na lile la "ni chango, akizaa litaisha" liacheni. Mimba si tiba.

Msingoje miezi mitatu akizimia, akipata homa pamoja na maumivu makali, au pedi ikijaa kila saa. Na yule ambaye tumbo humbana kila mwezi lakini damu haijatoka hata mara moja apelekwe hospitali mapema: huenda njia imeziba na damu inakusanyika ndani.