Kabla ya UMISSETA: Mwili wa Mtoto Uandaliwe Tangu Masika

Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hufikia kilele karibu na likizo ya katikati ya mwaka. Ukihesabu wiki nane nyuma kutoka mashindano ya wilaya, unaangukia kwenye masika. Kiwanja ni tope, na mwalimu anasema tusubiri mvua ikatike. Mwaka mmoja nami nilisubiri. Tukaanza zikiwa zimebaki wiki mbili, nikawakimbiza asubuhi na jioni ili kufidia, na binti tuliyemtegemea mita 100 akachanika msuli wa nyuma ya paja kwenye mchujo wa kata. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni tarehe. Mvua ikinyesha, tumieni veranda au darasa lililoondolewa madawati: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kuruka kamba, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo bila kulalia ndani. Hilo la kutua nalisisitiza hasa kwa wasichana wa netiboli na mpira wa mikono, maana goti lao huumia mara nyingi wakati wa kutua au kugeuka ghafla, hata bila kuguswa na mtu. Kiwanja kikikauka, mbio ziongezwe kidogo kidogo kila wiki. Kipimo kimoja chepesi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 12 asivuke saa 12, na apate walau siku moja nzima ya kupumzika.

Pili, muulize mtoto kama kuna mahali panamuuma, na umwamini. Wanaorefuka kwa kasi, hasa kati ya miaka 10 na 15, hupata maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya goti. Madaktari huyaita Osgood-Schlatter. Mfupa pale bado haujakomaa na msuli wa mbele ya paja unauvuta kila anaporuka au kukimbia. Dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka na mbio kwa muda. Kumwambia ajikaze ni kumwongezea maumivu.

Kuna maswali ambayo mzazi ndiye mwenye majibu yake, na mwalimu ayaulize kabla ya siku ya kwanza. Je, amewahi kuzimia akikimbia, au kubanwa kifua? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Ana pumu au selimundu? Jibu likiwa ndiyo, aonwe na daktari kwanza. Na mwenye homa asikimbie kabisa, hata kama ni siku ya mchujo, apimwe malaria.

Kupasha misuli kusifanywe kwa kunyoosha tu mkiwa mmesimama. Anzeni na mchakamchaka wa taratibu, kisha kurusha magoti, kukimbia kwa kubadili uelekeo, ndipo mbio fupi za kasi. Kwa timu za soka za miaka 14 na kuendelea ipo programu ya FIFA 11+, dakika 20 hivi, isiyohitaji vifaa vya gharama.

Chakula hakihitaji maajabu. Ugali au wali, maharage, dagaa, mboga za majani, na chungwa au embe linalosaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Msichana aliyeanza hedhi anayahitaji madini hayo zaidi, na akichoka kuliko wenzake apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu. Pedi ziwe kwenye begi la timu, na awepo mwalimu wa kike ambaye mabinti wanaweza kumwambia. Usingizi kwa kijana ni saa 8 hadi 10. Mazoezi ya saa kumi na moja alfajiri baada ya kusoma usiku wa manane yanamla.

Pwani, jua la mchana ni kali: fanyeni asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, maji yakiwa pembeni.

Nakala ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima viwekwe tayari mapema. Raba au njumu mpya zinunuliwe angalau wiki tatu kabla ya safari, mtoto azizoee mazoezini. Malengelenge ya siku ya kwanza humtoa mkimbiaji kwenye mashindano yote.