Kikundi kidogo cha msaada: namna ya kufanya kazi na vijiji vya Kinango na Ganze ukiwa Mombasa

Mvua za vuli zinapokosekana, simu za wenye nia njema hapa Mombasa huanza kulia. Akina mama wa Kisauni wamechanga, vijana wa msikitini Likoni wamechanga, wafanyakazi wa bandarini wamechanga, na wote wanauliza tupeleke nini bara. Jibu langu ni lile lile: mara nyingi kinachohitajika kipo tayari. Shule ipo, zahanati ipo, chanjo ipo. Kinachomzuia mtoto wa Kiduruma au wa Kigiriama kukifikia ni kitu kidogo kilichokaa njiani: karatasi, nauli, kikombe cha uji, sodo. Kikundi kidogo hakina uwezo wa kujenga hospitali, lakini kizuizi cha namna hiyo kinaweza kukiondoa. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu kumi hadi ishirini wanaotaka kufanya kazi hiyo kwa miaka, si kwa Jumamosi moja.

Hatua ya 1: Chagueni kijiji kimoja, mwende mikono mitupu

Kinango mnaweza kuifikia kwa kuvuka feri ya Likoni na kupitia Kwale, au kwa barabara ya Nairobi mkakata kushoto Mariakani. Ganze mnaingilia Kilifi mjini. Chagueni mahali ambapo mtaweza kurudi kila mwezi bila nauli kuwatoboa mifuko, kwa sababu kijiji mnachokifikia mara moja kwa mwaka hamtakijua kamwe.

Siku ya kwanza msibebe chochote. Mkifika na magunia ya unga, kila mtakaloambiwa siku hiyo litahusu unga. Anzeni kwa chifu, yeye atawapeleka kwa naibu wake, naye kwa mzee wa kijiji. Palipo na wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya Mijikenda, waombeni nafasi ya kuwasalimu hata kama shughuli yenu haihusu msitu. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini wenyeji waliiheshimu na kuilinda karne nyingi kabla ya hapo, na mgeni anayepita bila salamu huonekana hana adabu.

Barazani wanaume watasema na wanawake watakaa nyuma kimya. Ombeni wazi, mbele ya mzee wa kijiji, mpate saa moja na akina mama peke yao. Tafuteni mkalimani ambaye ni mwanamke wa pale pale. Kiswahili kinaeleweka, lakini mama akieleza mimba iliyoharibika au mtoto aliyefariki, ataieleza kwa Kiduruma, na neno lake lisipotee.

Hatua ya 2: Jiandikisheni

Hii ni fupi. Chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, watu kumi wenye katiba na viongozi waliochaguliwa wanaweza kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Fungueni akaunti ya benki inayohitaji sahihi tatu. Mkitarajia kukua na kupokea fedha za wafadhili wakubwa, someni sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Pesa zisipite hata siku moja kwenye simu ya mwenyekiti.

Hatua ya 3: Hesabuni nyumba kwa nyumba, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii

Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu hawa, zaidi ya laki moja nchini, vifaa vya kupimia na posho ya kila mwezi. Kila mmoja ana takriban nyumba mia moja anazozihudumia. Anajua nani ana mimba, nani ana mzee kitandani, nani amehama. Msimfanye mbeba mizigo wenu. Mwombeni awaongoze, na siku hiyo mlipieni usafiri na chakula.

Katika kila nyumba ulizeni mambo machache. Watoto wangapi, na kila mmoja yuko darasa gani? Nani ana cheti cha kuzaliwa? Wazazi wana vitambulisho? Maji yanatoka wapi, na silanga (bwawa la maji ya mvua) likikauka yanatoka wapi? Jana mlikula nini? Swali hili la mwisho ulizeni kwa upole, na si mbele ya wageni wengi. Andikeni kwenye daftari moja, lifungiwe kabatini, kwa kuwa ndani yake mna siri za watu, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inawabana hata ninyi wadogo.

Mkimaliza, rudini barazani muwasomee wenyeji jumla ya mlichokiona, bila majina. Wao ndio waseme waanze na lipi.

Hatua ya 4: Karatasi kwanza

Hapa ndipo ninapowaomba mkae zaidi. Jamii ya Wamakonde wa Kwale iliishi miongo mingi nchini bila vitambulisho. Hawakuweza kufungua akaunti ya benki, na vijana wao hawakuweza kuajiriwa rasmi. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, serikali ikakubali, na wakaanza kupewa vitambulisho mwaka huo huo. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Wamijikenda hawakunyimwa uraia kwa namna hiyo, lakini katika nyumba za ndani kabisa mtawakuta akina mama wasio na kitambulisho na watoto wasio na cheti, na mlango unaofungwa ni ule ule. Bila namba ya cheti, usajili wa mtoto katika mfumo wa wizara ya elimu hukwama, na mgao wa serikali kwa mwanafunzi humpita.

Mtoto aliyezaliwa hospitalini huwa na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu. Miezi sita ikipita, usajili unahesabiwa kuwa wa kuchelewa, na ushahidi zaidi unatakiwa: kitambulisho cha mzazi, kadi ya kliniki, barua ya shule. Kwa hiyo pangeni kazi kwa mfuatano huu. Mama asiye na kitambulisho ashughulikiwe kwanza, kisha mtoto aliye darasa la juu, kisha wadogo. Wekeni bahasha ya kila familia yenye nakala zote, na nakala halisi zibaki kwa mama mwenyewe.

Safari ya kwenda ofisini na kurudi humla mama siku nzima na pesa ya wiki. Nendeni mkazungumze na ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo, muombe afisa aje kijijini siku moja. Mkikubaliana kuchangia mafuta ya gari, iandikwe barua na itolewe risiti. Hakuna pesa inayopita mkono kwa mkono, hata ya chai.

Hatua ya 5: Shuleni, tafuteni kinachomrudisha mtoto nyumbani

Kaeni na mwalimu mkuu mumuulize wanafunzi hupungua mwezi gani. Wakipungua wakati wa kiangazi, tatizo ni njaa na maji. Uji wa saa nne asubuhi huwabakiza darasani, na pure ya mahindi na maharage ikipatikana, ni bora zaidi. Unga nunueni kwa mwenye duka wa kijijini, hata kama soko la Kongowea hapa Mombasa ni rahisi kidogo, ili pesa ibaki pale. Wazazi watoe kuni, maji na zamu ya kupika. Mzazi aliyetoa kuni ana sauti ya kuuliza unga umekwenda wapi.

Wasichana wakipungua siku chache kila mwezi, ulizeni habari za sodo. Sheria ya elimu ilirekebishwa 2017 ili serikali iwape bure wasichana wa shule za umma, basi anzeni kwa kuuliza mgao umefika lini na umetosha hadi mwezi gani, kisha zibeni pengo. Sodo za kitambaa zinazofuliwa ni nzuri mahali penye maji. Mahali ambapo ndoo moja hutafutwa kwa saa nyingi, msichana hatapata maji wala faragha ya kuzifua na kuzianika juani, na atazivaa zikiwa mbichi. Huko pelekeni za kutumia mara moja, na mchimbe shimo la kuzichomea.

Msichana aliyepata mimba ana haki ya kurudi shule. Mwongozo wa wizara wa mwaka 2020 unasema hivyo. Chapisheni nakala, mtu mzima wa kikundi afuatane na msichana na mzazi wake hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumsindikiza.

Hatua ya 6: Afya

Nunueni tepe za kupimia mkono wa mtoto, zinazoonyesha utapiamlo, mfundishwe na muuguzi wa zahanati, na mpime pamoja na mhudumu wa afya. Tepe huzungushwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na nauli mtoe ninyi. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: arudiwe, na nyumba iangaliwe ina chakula gani. Msigawe wenyewe lishe ya karanga ya pakiti wanayopewa watoto wenye utapiamlo. Hiyo ni dawa, na hutolewa na zahanati kwa ratiba.

Kwa wajawazito, orodhesheni mwezi wa kila mmoja kujifungua. Tafuteni waendesha bodaboda wawili waaminifu, mkubaliane bei ya usiku na ya mchana, na mwaachie mhudumu wa afya fedha kidogo za dharura kwa maandishi. Wakunga wa jadi msiwatenge. Mama humwamini bibi huyo kuliko mtu yeyote. Mpeni heshima na posho ya kumsindikiza mama hospitalini, naye atakuwa wa kwanza kuwaita uchungu ukianza.

Sajilini familia kwenye SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyesajiliwa hutibiwa zahanati na kituo cha afya bila malipo, lakini kulazwa hospitali kubwa kunadai mchango wa mwaka uwe umelipwa. Elezeni tofauti hiyo mapema, mama asije akaikuta mlangoni akiwa na mgonjwa. Usajili nao unataka kitambulisho, na ndiyo sababu hatua ya nne imekuja kabla ya hii.

Na funza. Mtoto mwenye funza hawezi kutembea hadi shule, na wenzake humcheka. Sindano moja isichokoe miguu ya watu wengi, kwa kuwa hupeleka pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Ulizeni zahanati mafuta ya dimethikoni, ambayo huua funza bila kuchokoa. Kisha tazameni sakafu: funza huzaliana kwenye vumbi la ndani ya nyumba, na hukaa pia kwa mbwa na mbuzi wanaolala humo. Kusakafia chumba wanacholala watoto kutasaidia kuliko kuwapa viatu peke yake.

Hatua ya 7: Riziki, lakini sanduku kabla ya mbuzi

Kila mfadhili hutaka kununua mbuzi. Mbuzi aliyekuja mwanzoni mwa kiangazi hufa au huuzwa kwa bei ya kutupa, na familia hurudi kuchoma makaa. Anzeni na kikundi cha kuweka na kukopa. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 na umeenea Afrika nzima kwa sababu hauhitaji pesa ya nje. Watu kumi na tano hadi ishirini na watano wanaoaminiana hununua hisa kila wiki, pesa huingia sanduku lenye kufuli tatu, funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na kila hesabu husemwa kwa sauti mbele ya wote. Mfuko mdogo wa dharura huwekwa kando kwa ugonjwa na msiba. Mwaka ukiisha hugawana.

Ninyi nunueni sanduku, daftari na kalamu, na mlipie mkufunzi. Msitie hata shilingi ndani yake. Pesa ya mgeni ikiingia, wanachama huacha kuogopa kupoteza, na kikundi huvunjika.

Sanduku likizunguka mwaka mmoja ndipo mzungumzie mtaji. Mbuzi waje mvua zikiwa zimeshika, wanunuliwe kwa wafugaji wa jirani, na mtoto wa kwanza jike apewe familia inayofuata. Palipo na msitu au mikoko, tazameni waliotangulia. Gede, kandokando ya Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo umekuwa ukiuza vifukofuko (pupa) vya vipepeo tangu 1993. Kule Gazi na Makongeni, Kwale, wenyeji wa Mikoko Pamoja huuza hati za hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao kwa watu wanaotaka kufidia moshi wanaoutoa, na fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Wapelekeni akina mama wenu wakawaulize wenyewe, nauli mlipe ninyi.

Hatua ya 8: Hesabu na picha

Kila miezi mitatu bandikeni ukutani shuleni karatasi moja ya mapato na matumizi, kwa Kiswahili, na mtu aisome barazani kwa wasiojua kusoma. Wafadhili wenu wa mjini wapate karatasi hiyo hiyo.

Mtoto asipigwe picha bila ridhaa ya mzazi, na kamwe asipigwe akiwa uchi, akiwa mgonjwa, au akipokea mfuko wa unga. Mfadhili akidai picha ya namna hiyo, mwambieni hapana kwa heshima, mpigieni ya silanga au ya sufuria la uji.

Hatua ya 9: Pangeni siku ya kuondoka

Mwaka wa kwanza tu, andikeni kila kazi itabaki kwa nani. Bahasha za nakala za vyeti ziende kwa mzee wa kijiji na mwalimu mkuu, orodha ya wajawazito kwa mhudumu wa afya, zamu ya uji kwa kamati ya wazazi, sanduku kwa wenye sanduku. Punguzeni fedha zenu kidogo kidogo, muhula kwa muhula, na kila mara mwaambie mapema. Kazi itakayokosa mwenyewe baada ya miaka mitatu, iiteni barazani muulize kama watu waliitaka tangu mwanzo. Wakisema hawakuitaka, iacheni, pesa yake iongezwe kwenye nauli za wajawazito.