Mawazo yanaachwaje? Somo la kukaa Zen kwa watu wa mwaloni

Mwangaluka wenzangu. Wiki iliyopita dada mmoja wa humu kundini aliandika saa nane usiku kwamba hapati usingizi. Majibu yalikuja mengi, na karibu yote yalikuwa na maneno mawili tu: "Acha mawazo." Niliumia kidogo kuyasoma, maana hata mimi nimeambiwa hivyo na mama yangu, na majirani, hadi na nesi, na hakuna aliyewahi kunionyesha yanaachwaje.

Hebu sikilizeni na lugha yetu. Mtu akielemewa hasemi "ninawaza", husema "nina mawazo", kama anavyosema ana homa au ana madeni. Yaani ni kitu kimemwingia, kimekaa. Watu wa Zen wamekaa na jambo hili kwa zaidi ya miaka elfu moja, na dawa yao haianzii kichwani. Inaanzia kwenye makalio na uti wa mgongo, na hapo ndipo waliponipata.

Kwa ufupi, Zen ni tawi la Ubudha lililokulia China, ambako linaitwa Chan, kisha likavuka bahari hadi Japani. Mtawa Mjapani aitwaye Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200, alikwenda China mwaka 1223 kutafuta mwalimu, akarudi mwaka 1227 akifundisha zazen, yaani kukaa. Kukaa tu, huku umeamka. Mimi si mwalimu wa Zen. Ni muuza dagaa ninayekaa hivyo kila alfajiri kwa miaka sita sasa, kwenye kigoda, nyuma ya nyumba yangu huku Ilemela, Mwanza, kabla sijashuka mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa na kuuzwa. Nawapa ninachokifanya.

Hatua ya 1: Keti

Kigoda kinatosha, au kiti cha mbao, au blanketi ukilikunja mara nne. Kinachotakiwa ni makalio yawe juu kidogo kuliko magoti na mgongo usimame wenyewe bila kuegemea ukuta. Weka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, viganja vikiangalia juu, ncha za vidole gumba zigusane kidogo. Vidole hivyo ni mashahidi wako: ukianza kusinzia vinaanguka, ukikasirika vinasukumana.

Macho usiyafumbe. Yaache nusu wazi, yatazame chini kama hatua moja mbele yako. Wengi hushangaa hapa, wamezoea kwamba kutulia ni kufumba macho. Ukifumba unajipa ukumbi wa sinema. Ukiyaacha wazi, udongo unaouona ni udongo wa leo. Dakika 10 zinatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi

Pumua kwa pua, kawaida yako. Ukitoa pumzi, hesabu moja kimoyomoyo. Ukitoa tena, mbili. Fika kumi, rudi moja. Ukijikuta umefika kumi na saba, au hujui ulipo, rudi moja. Usijigombeze. Yule aliyegundua kwamba amepotea tayari amesharudi.

Hatua ya 3: Tenga tukio na hadithi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na mzigo.

Mnunuzi mmoja alichukua kwangu magunia 12 ya dagaa kwa mali kauli, akaahidi kulipa Ijumaa. Ijumaa ikapita. Jumapili usiku nikamtumia ujumbe. Zikatokea tiki mbili, zikageuka bluu, kimya.

Kilichotokea ni hicho tu. Lakini kichwa changu hakikulala. Kanidharau kwa sababu mimi ni mwanamke peke yangu. Kuna mtu kamwambia nimeishiwa. Ada ya mtoto itakosekana, mtoto atarudishwa nyumbani, watu watasema. Nikakumbuka na ndugu aliyenidhulumu zamani, nikamleta naye, nikawaweka pamoja. Kufika saa tisa usiku nilikuwa nimeshagombana na yule mnunuzi, amenijibu, nimemjibu, ameniomba radhi mbele ya watu wote wa mwaloni. Yeye mwenyewe alikuwa kwake amelala. Mimi ndiye niliyekuwa macho, taya zinauma kwa kuzikaza.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika kile ambacho kamera ya simu ingeweza kukirekodi. Kulia andika mengine yote. Kushoto kwangu palikuwa na mistari miwili. Kulia karatasi ilijaa, nikageuza nyuma.

Msinielewe vibaya. Sisemi ya kulia yote ni uongo. Huenda kweli alinidharau. Zen haikuombi uamue kama hadithi ni ya kweli. Inakuomba uone kwamba ni hadithi, na kwamba wewe ndiye unayeisimulia, sasa hivi, gizani, bila kuombwa na mtu.

Wachina wana kisa cha kale. Mtu mmoja alimwendea Bodhidharma, ambaye watu wa Chan humhesabu kuwa mwanzilishi wao, akamwambia: moyo wangu hautulii, nitulizie. Bodhidharma akamjibu: ulete hapa niutulize. Yule mtu akasema ameutafuta kila mahali, hauoni. Bodhidharma akasema: "Basi, nimeshautuliza."

Kwa muda mrefu nilikiona kisa hiki kama mchezo wa maneno. Halafu alfajiri moja nikafanya kama kilivyosema, nikaitafuta hasira yangu. Iko wapi hasa? Nilichokuta ni taya zilizokazwa, kifua kizito upande wa kushoto, na viganja vya moto. Mnunuzi hakuwemo. Taya ninaweza kuzilegeza. Mnunuzi siwezi.

Hatua ya 4: Fungua kiganja, usitupe

Mtawa Mjapani Kosho Uchiyama (1912–1998) alifundisha kwamba zazen ni kuufungua mkono wa mawazo. Fanya kwa mkono wako mwenyewe, usisome tu. Shika funguo za nyumba ukaze ngumi hadi zikuume. Sasa geuza ngumi iangalie juu, ufungue vidole polepole. Funguo ziko palepale. Hujazitupa ziwani. Kilichoondoka ni maumivu ya kubana.

Wazo likija wakati umekaa, lifanyie hivyo. Likubali kwamba limekuja, legeza, rudi kwenye pumzi. Litarudi. Legeza tena. Katika dakika 10 mimi hulegeza pengine mara thelathini, na asubuhi nyingine sifiki kumi hata mara moja.

Na deni langu? Niliendelea kulidai. Alilipa nusu baada ya miezi miwili, nusu iliyobaki bado. Nampigia kila mwanzo wa mwezi, namwambia kiasi, nakata simu. Zamani simu ile ilinila siku nzima.

Hatua ya 5: Ipeleke kazini

Dogen alipokuwa China, kwenye nyumba ya watawa ya Tiantong, aliona mpishi mkuu akianika uyoga kwenye jua kali. Mzee wa miaka 68, mgongo umepinda kama upinde, nyusi nyeupe, hana kofia, sakafu inachoma. Dogen akamhurumia, akamuuliza kwa nini hawaachii wasaidizi. Mzee akamjibu kwamba wengine si yeye. Dogen akasema, lakini jua ni kali mno, kwa nini sasa hivi? Mzee akamuuliza: nisubiri wakati gani mwingine? Dogen alinyamaza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1237, alikiandika kisa hicho katika maelekezo yake kwa wapishi wa watawa.

Nilipokisoma nilisimama. Mimi na yule mzee tunafanya kazi moja!

Wanaoanika wanajua. Dagaa wanashuka alfajiri wakiwa bado wanang'aa, unawatandaza juu ya nyavu, na kufika saa nne mawe yanachoma nyayo. Ukiwagusa juu utadhani wamekauka, lakini ingiza vidole chini: upande wa pili umeshikana na wavu, una ubaridi, unateleza. Ndipo unapogeuza. Waliokauka sawasawa wanalia chini ya kiganja kama majani makavu. Mkono wenye mawazo hausikii tofauti hiyo. Nimewahi kugeuza kichanja kizima huku nikigombana kichwani na mtu, nikafunga gunia, na baada ya siku mbili likatoa harufu.

Basi chagua kazi moja kwa siku. Kugeuza dagaa, kuosha vyombo, kufunga mtoto kanga. Kazi hiyo moja ifanye mikono na kichwa vikiwa mahali pamoja. Nyingine zifanye unavyozifanya siku zote.

Maswali ya wanachama

*Mwanakwaya wa Pasiansi: Shikamoo mama. Hii si dini nyingine? Mchungaji wangu atanielewa?*

Marahaba mwanangu. Sitakuficha, Zen imetoka kwenye Ubudha na kwa wenyewe ni dini. Lakini kukaa wima na kuhesabu pumzi hakukudai umwabudu mtu. Alikuwepo padre Mjesuiti, Mjerumani, Hugo Enomiya-Lassalle. Alikuwa Hiroshima mwaka 1945 bomu lilipoanguka, akapona. Alifanya zazen miaka mingi na kuwafundisha Wakristo wenzake, na alifariki mwaka 1990 akiwa bado padre. Nina rafiki Mwislamu ambaye hukaa dakika tano kabla ya alfajiri, anasema sala yake imepata utulivu aliokuwa akiutafuta. Ukiona moyo unasita, zungumza na mchungaji wako kwanza. Hakuna haraka.

*Baba wa watoto wawili, Igoma: Mama, kama niishi sasa hivi tu, marejesho ya kikoba nani atayapanga?*

Wewe, tena kwa kalamu. Kupanga ni kazi kama kazi nyingine, ina mwanzo na mwisho. Yule mpishi wa watawa alitakiwa kupanga uji wa kesho tangu jioni na kuchambua mchele autoe mchanga. Keti Jumamosi nusu saa, andika unachodaiwa, kinachoingia, na nani wa kumpigia, kisha funga daftari. Kinachokuchosha si kupanga. Ni kuipiga hesabu ileile mara arobaini ukiwa kitandani bila kalamu wala daftari.

*Mama wa Kirumba: Mume wangu alizama ziwani, mwaka wa tatu huu. Unaniambia yeye ni hadithi niiache?*

Hapana, dada yangu. Pole sana. Nimesoma swali lako jana mchana, nikashindwa kujibu hadi leo.

Mume wako si hadithi. Kulia kwako si hadithi. Ukimkumbuka saa hii na machozi yakatoka, hilo ndilo lililopo saa hii, na kukaa nalo ndiyo zazen yenyewe. Usihesabu pumzi siku hiyo. Lia, na ujue unalia.

Lakini kuna kitu kingine kinachokuja na msiba, na nadhani unakijua. "Ningemzuia asiende usiku ule." "Ningempigia." "Kama tusingegombana asubuhi." Huyo "ninge" ndiye anayekula watu. Anakurudisha ufukweni kila usiku umzuie mtu ambaye ameshapanda mtumbwi. Huyo "ninge" ndiye ninayesema umfungulie kiganja, taratibu sana, hata mara moja tu kwa wiki. Huzuni ya mume wako baki nayo, ni yako. Na usikae peke yako mwanzoni. Njoo kwangu, tutakaa wawili, nina vigoda viwili.

Nawaomba na wengine mnisikie hapa. Kama usiku kuna wazo la kujiondoa duniani, au unasikia sauti, au kukaa kimya kunakuletea mambo ya kutisha ya zamani, simamisha zoezi, mwambie mtu wako wa karibu leo hii, na uende kliniki ya afya ya akili hospitalini. Kigoda si badala ya daktari.

*Mwanafunzi wa uuguzi: Kuna utafiti wowote?*

Upo. Mwaka 2010 Killingsworth na Gilbert wa Harvard walichapisha katika jarida la Science kazi waliyoifanya kwa simu na watu wazima 2,250. Walikuwa wakiwauliza ghafla: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa kwingine, na watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ikiwa kwingine kuliko ikiwa kwenye wanachofanya. Wao hawakupima Zen, ila mimi kwenye hiyo 47 nilijiona.

*Konda, njia ya Buhongwa: Mama mimi sina pa kukaa. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa nne usiku nimekufa. Abiria wananitukana kutwa.*

Basi usikae, mwanangu. Watawa nao hutembea wakifanya zoezi hili, hatua moja kwa pumzi moja, kati ya mkao na mkao. Wewe una mlango. Kila gari linaposimama kituoni, kabla hujaita abiria, sikia nyayo zako mbili chini: iko wapi ngozi ya kiatu, uzito uko mguu upi. Pumzi moja tu. Halafu ita kwa sauti yako yote.

Abiria akikutukana, tusi lilichukua sekunde ngapi? Hesabu kweli kesho, uniletee jibu. Kisha hesabu na lile unaloendelea kumjibu kichwani baada ya yeye kushuka, limekufikisha kituo gani.