Chagua staili kabla hujashika kalamu

Wengi tukipewa kazi ya kuchora tunakimbilia tu ile staili mkono umezoea, alafu tunashangaa mbona watu wanacheka pahali tulitaka waogope. Jiulize kwanza, huyu atakayeangalia nataka ahisi nini ama afanye nini.

Jaribu na kakisa kadogo, jamaa wa boda na mama mwenye mkungu wa matoke wanavutana bei. Mchore mama kikatuni, macho nukta mbili, mdomo kamstari, kichwa kimeshinda mwili, hapo msomaji anacheka na anaweza hata kumuona mamake mwenyewe, maana sura ile ni ya yeyote. Sasa mchore tena na mikunjo ya paji, mishipa ya shingo, kitenge kimepauka. Maneno ni yale yale, "elfu mbili tu mwanangu", ila kicheko kimeisha, huyu sasa ni mama fulani mwenye shida zake na jamaa wa boda ghafla anaonekana katili!

Mstari wa brashi, mnene unaokatika katika, unaleta haraka na hasira, ule mwembamba uliolingana unatulia, unafaa maelekezo. Bango la kunawa mikono usilijazie ufundi, mkono, maji, sabuni, basi. Na mbu ukimchora mkubwa kama kuku mtu anaweza kukwambia mbu wa hivyo kwao hawapo.

Watu wa sanaa wanapenda kudharau mabango ya Nasser Road, ile barabara ya wachapaji pale Kampala, yale ya viongozi na bunduki, picha zimekatwa zikabandikwa, rangi zinapiga kelele. Mimi naona wale wanajua kazi, bango la ukutani lazima limshike mtu anayepita mbio.

Kama kazi itapigwa fotokopi achana na kijivu, kitageuka doa ama kitapotea kabisa, weka weusi kamili na vivuli ufanye kwa mistari.

Ukimaliza, ipige picha na simu, ipunguze iwe kama kidole gumba, ziba maneno, umpe mtu asiyejua kisa akwambie nini kinaendelea. Pahali kama Nakivale, ile kambi ya wakimbizi Uganda, Mkongo, Msomali na Mrundi wanasimama mbele ya bango moja, hapo mchoro ndio unaongea. Akikosea, usikimbilie kuongeza maandishi, punguza mistari kwanza kisha umuulize mwingine, sio yule yule, huyo ashajua jibu.